Dawa ya Kitovu, Dawa ya Jicho

Dirisha letu la dawa lilikatwa na fundi mfupi. Ndiyo maana kila mgonjwa mrefu huinama anapopokea dawa yake, nami kwa miaka thelathini na miwili nimeona vipara vingi kuliko nyuso. Mliponiaga juzi mlinitaka niwaandikie mambo ya kazi, mkasema msije mkaachiwa makabati matupu. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hivyo vimo kwenye faili na havijamfundisha mtu kitu. Nitaandika habari za kuvu, au fangasi kama mnavyopenda kusema, maana ndio walionila miaka yangu mingi. Na nitaandika habari ya jicho moja la mtu wa Tezo, ambalo nalikumbuka kuliko jambo jingine lolote nililolifanya mle ndani.

Nilikuja kazini nikitokea kwetu Takaungu, cheti mkononi na kiburi kidogo mfukoni. Mkuu wa chumba cha dawa alikuwa Mzee Athmani, mtu mwembamba aliyechomeka penseli yake kwenye kofia na kuitafuta kutwa nzima. Nilitazamia kupewa mizani. Nilipewa kalamu na lebo. Wiki tatu nikaandika lebo tu: kutwa mara mbili, baada ya kula, tikisa kwanza. Siku moja nikachoka.

"Shikamoo mzee. Mizani nitashika lini?"

"Marahaba. Utakapoandika lebo hamsini na asirudi mtu hata mmoja kuuliza maana yake."

Nilipofika arubaini na moja akarudi mama mmoja na chupa yake ya kupaka, akauliza anywe vijiko vingapi. Nikaanza kuhesabu upya. Mzee Athmani hakunicheka, ila alinikalisha akaniambia neno ambalo nililisikia siku ile na kulielewa baada ya miaka mingi. "Mgonjwa hachukui chupa peke yake, mwanangu. Achukua chupa na neno. Chupa itakwisha itupwe. Neno labaki nyumbani kwake."

Dawa ya kwanza niliyoruhusiwa kuchanganya kwa mkono wangu ilikuwa ile ya zambarau, ya kuwapaka watoto wenye utando mweupe mdomoni. Nyinyi mmeikuta imezeeka. Sisi tuliipaka midomo, tuliipaka mapaja ya watoto wachanga, na tuliwapaka vibarua wa chumvi wa Marereni waliokuja na vidole vya miguu vilivyochanika kwa maji ya chumvi, kisha kuvu wakaingia humo kama wageni wasiobisha hodi. Nilirudi nyumbani mikono imekuwa zambarau mpaka kwenye viwiko. Mamangu, ambaye alikuwa msusi wa mikeka, alinitazama akaweka ukili wake chini. "Miaka yote hiyo ya skuli, Zuhura, waenda kutia rangi? Rangi si hata mimi natia?"

Alinichekesha, lakini alikuwa amesema kweli. Mzee Athmani alinieleza kuwa dawa ile ilizaliwa rangi ya nguo, ikahamia hospitali baadaye. Alisema dawa zilizozaliwa kwa ajili ya kuvu ni chache, kwa hivyo mtu wa kuvu huishi kwa kuazima: rangi ya nguo, dawa ya vidonda, dawa ya ugonjwa mwingine kabisa. Kuazima si aibu. Ila alikuwa na sharti lake. "Dawa ikihama nyumba, iulize kwanza kule ilikotoka ilikuwa na nguvu kiasi gani." Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu, na daftari lile nililibeba miaka thelathini na miwili bila kulisoma jalada.

Mzee Athmani alistaafu, akaniachia penseli. Baadaye akaja Mutua, kliniko ofisa wa macho kutoka bara, ambaye kila mtu alimwita daktari na yeye akachoka kukataa. Ndiye aliyenifundisha kuvu wa jicho. Mkulima anapigwa jani la muhindi, mgema anaangukiwa na uchafu wa kuti, mwashi anarukiwa na kitu. Kioo cha mbele cha jicho kinachubuka, na ule mchubuko unabaki na mbegu za kuvu. Siku ya tatu jicho ni jekundu, siku ya saba lina doa jeupe kama punje ya mchele. Mutua alikuwa akilikwangua kwa sindano, taratibu, huku akimsemesha mgonjwa habari za mpira, kisha anaweka alichokwangua chini ya hadubini. "Kuja uone, Bi. Zuhura," ananiita. Naona nyuzi nyembamba zilizopandana. Mara ya kwanza nilisikia jicho langu mwenyewe likiwasha.

Kujua ugonjwa kulikuwa rahisi kuliko kupata dawa. Matone yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo yalifika kwetu mara chache, na mara nyingi hayakufika kabisa. Wagonjwa wengine walikuwa wamepitia dukani kwanza, wakauziwa matone ya kuondoa wekundu. Wekundu huondoka kweli. Mgonjwa hufurahi, na kuvu hufurahi zaidi, maana matone yale huulaza ulinzi wa jicho. Tulijaribu kuazima dawa ya sindano ya wagonjwa wenye kuvu wa ubongo, tukaizimua, tukaifunika karatasi ya fedha isipigwe na mwanga. Ilisaidia baadhi yao, lakini iliwasha mno. Mama mmoja aliniambia kwa adabu zote kwamba afadhali abaki na kuvu wake.

Kisha Mutua alirudi kutoka semina na makaratasi chini ya kwapa. Alisema nchi nyingine wamejaribu klorheksidini. Nikacheka. Klorheksidini ndiyo ile waliyonawia mikono wapasuaji wetu! Ndiyo ya kuoshea vidonda, na ndiyo waliyoanza kupewa mama wazazi kwenye tyubu, wapake kitovu cha mtoto kisioze. Mutua akasema ndiyo hiyo hiyo, lakini izimuliwe sana, katika maji safi ya sindano, ichujwe, iwekwe kwenye chupa zilizopikwa kwa mvuke. Tuliomba idhini kwa wakubwa, tukajibiwa baada ya barua nyingi, nami nikaanza kutengeneza. Napima mara tatu. Nachuja kwa subira, tone baada ya tone. Naandika tarehe, kwa kuwa haina cha kuihifadhi na siku saba zikipita humwagwa. Si kazi ya jikoni, na kipimo chake sikiandiki hapa. Mnakijua, na asiyekijua asikitafute.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkulima mmoja mwanamke. Baada ya mwezi aliingia kwa Mutua akasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa nne, akazitaja kwa sauti kubwa kama anayeita watoto. Nililia, sioni haya kusema. Wakaja wengine wakapona, si wote, lakini wengi kuliko zamani. Wakubwa wakaleta wageni dirishani, wakaniita mama wa matone. Na nyinyi mliokuwepo mnakumbuka: kila aliyeomba nimfundishe kuchanganya nilimwambia, "Utajifunza, bado mapema." Haikuwa mapema. Nilipenda tu kuwa ni mimi peke yangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na tembo langu nililitia maji kwa mdomo.

Karisa alikuwa mgema hasa, wa Tezo, miaka thelathini na kitu. Mimi sijapata kuonja tembo maishani, lakini kwa ajili yake nilizijua saa za kugema kama mnywaji. Aliangukiwa na kipande cha kuti kikavu jicho la kulia akiwa juu. Kwa mtu mwingine lingekuwa jicho moja kati ya mawili. Karisa jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua akiwa mtoto, kwa hivyo hilo la kulia ndilo lililokuwa macho yake yote. Aliongozwa na mkewe Kadzo, mtoto wa wiki tatu akiwa amefungwa kifuani.

Nashukuru walikuja mapema. Mutua alikwangua, akaona nyuzi, akaagiza tone moja kila saa. Akamwambia Kadzo kwa ukali wake wa huruma, "Mama, saa isipite bila dawa. Hata moja." Kadzo akatega kengele kwenye simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na kwa siku nane wodini ikalia kila saa mpaka majirani wa kitanda wakaanza kumkumbusha kabla haijalia. Doa likapungua. Siku ya tisa wakaruhusiwa kwenda nyumbani na chupa mpya, warudi baada ya wiki.

Pale dirishani Kadzo aliishika chupa, akaigeuza. Haikuwa na picha wala sanduku, ila mwandiko wangu tu.

"Mama, dawa hii mbona si ya dukani? Ni ya nini hasa?"

Nilikuwa na furaha siku ile. Nilitaka atulie, na nilitaka pia, kusema kweli, aone jinsi nilivyo mjuzi. Nikamwambia, "Usiogope, mwanangu. Ni ile ile dawa ya kitovu cha mtoto wako. Haina madhara."

Akatabasamu. Akaondoka na chupa na neno.

Nilikuwa nimewaambia waiweke chupa ndani ya kikombe, pembeni mwa mtungi, ipate ubaridi. Jumamosi mwanambuzi aliingia, akakipiga kikombe teke, dawa yote ikanywewa na sakafu ya udongo. Kliniki ya macho imefungwa mpaka Jumatatu. Kengele ya simu ikalia. Kadzo alikumbuka mambo mawili aliyoambiwa na watu wa hospitali: saa isipite bila dawa, na dawa ni ile ile ya kitovu. Tyubu ya mtoto ilikuwa juu ya kabati, nusu yake bado imo. Akamlaza mumewe, akamfungua jicho, akaminya kiasi cha punje ya muhindi.

Ile ya tyubu ina nguvu zaidi ya mara thelathini ya ile ya chupa. Karisa alipiga kelele zilizowatoa majirani. Lakini nyumba ya mgema haikosi madafu. Alipapasa mpaka akalipata panga lake, akafyeka dafu akiwa hivyo hivyo haoni, akajimiminia jichoni, akafyeka la pili, na la tatu, mpaka ukali ukapungua. Mutua alisema baadaye kuwa hata maji safi ya mtungi yangefaa. Kilichomsaidia ni kuosha papo hapo na kuosha kwa wingi. Mimi bado nikiona dafu namkumbuka.

Jumatatu niliitwa chumba cha macho nipeleke chupa nyingine. Nilimkuta Karisa amefunikwa uso kwa leso ya mkewe. Mutua alikuwa ameishika ile tyubu kwa vidole viwili.

"Nani alikuambia uweke hii?"

Kadzo aliangalia chini. Kisha akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu. "Ni akili yangu tu, daktari. Nimekosea."

Nami nilisimama na chupa yangu mkononi, nikanyamaza. Hilo nataka mlisome vizuri, wenzangu. Nilinyamaza siku ile, na siku ya pili, na siku ya tatu. Nilikuwa nikipeleka dawa wodini, naye mavyaa wa Kadzo, yaani mama yake Karisa, ameketi mkekani anawaambia wanawake wengine kuwa mkaza mwanawe ni mchawi, amempofusha mumewe, na mgonjwa akitoka tu, Kadzo arudi kwao. Kadzo yu pale pale, ananyonyesha. Nilipita na toroli langu la dawa. Sijawahi kuona wodi ndefu kama ile.

Siku ya nne nilimwendea Mutua, nikamweleza. Hakushangaa. "Nilijua kuna mtu, Bi. Zuhura. Hakuna mtu anaamka tu na kuweka dawa ya kitovu kwa macho." Akanipa kiti na maji, kisha akanipa karatasi niandike. Niliandika yote. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, nimeiweka pamoja na vyeti.

Lakini barua ile ilikaa ofisini, na mavyaa wa Kadzo si mtu wa kusoma barua za ofisini. Karisa aliporuhusiwa nikaenda Tezo mwenyewe. Nilikuta mzigo wa Kadzo umefungwa kwenye kanga mbili, umewekwa mlangoni. Nikasalimu, nikakaribishwa kigoda, nikasema yaliyonileta kabla sijakosa ujasiri. Mama mtu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiwe mwenye dawa?"

"Ndimi, mama."

"Na yale maneno ndiwe mwenyewe?"

"Ndimi."

Akamgeukia Kadzo. "Fungua mzigo huo. Mulungu anaona, wewe ulifanya ulivyoambiwa."

Kadzo aliufungua. Akaingia ndani, akatoka na chai, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili. Nikainywa nikijua nimesamehewa.

Jicho lilichukua miezi mitatu. Halikupona kama lilivyoahidi siku ya tisa. Lilibaki na kovu, Karisa akawa anaona watu, njia na milango, lakini uso wa mtu autambue akiwa karibu tu. Alirudi kugema minazi mifupi, amevaa miwani ya plastiki ya mafundi wa kuchomelea, watu wakimcheka naye akicheka nao. "Mnazi haupandwi kwa jicho," aliniambia, "ni mikono." Nilijua ananifariji. Kila nusu mwaka walikuja kwa Mutua kupima, na kila mara Kadzo alipita dirishani, akaniamkia, akaniachia fungu la mchicha au ndizi. Miaka sita. Hakuwahi kuchelewa wala kununa.

Baada ya kisa kile ndipo nilipoanzisha mambo mnayoyajua na mnayoyalalamikia: lebo yenye mistari mitano, mstari wa mwisho "Hii si dawa ya kitovu", na mgonjwa kurudia maneno kabla hajaondoka. Wodi ya wazazi nilikaa na kalamu nikachora jicho lililokatwa msalaba kwenye kila tyubu. Lakini kuchanganya matone niliendelea peke yangu, nikijiambia kwamba sasa ndiyo hasa si kazi ya kila mtu. Mpaka mwaka jana Mutua aliponiuliza, "Ukishikwa na malaria, hayo macho yatangoja upone?" Ndipo nikakufundisha wewe Amina, na wewe Baraka.

Siku yangu ya mwisho mliniwekea keki. Saa nne, kabla haijakatwa, nikaona kofia ya Karisa imeinama dirishani. Kitawi kilikuwa kimempitia chini ya miwani, jicho ni jekundu, na Mutua alikuwa ameona nyuzi, chache, mwanzo mwanzo. Kadzo alikuwa nyuma yake, cheti cha dawa mkononi. Alipokiona kile kitambaa cha meza na watu waliovaa vizuri, uso ukambadilika.

"Mama Zuhura, waondoka?"

"Naondoka leo, mwanangu."

"Na dawa yake nani ataitengeneza?"

Nikamwonyesha Amina, aliyekuwa tayari amevaa glavu. Nikamwonyesha Baraka. Nikamwambia wamekwisha kutengeneza miezi mingi bila mimi kugusa. Kadzo aliwaangalia mmoja mmoja. Akamuuliza Amina kama kweli anajua. Amina akasema anajua. Akamuuliza tena.

Kisha akanigeukia. "Basi sasa naweza kukukasirikia."

Sikumwelewa. Akasema, "Siku ile sikukuficha kwa kukupenda. Ningekutaja wangekufukuza, na ulikuwa mmoja tu unayeijua. Jicho la mume wangu lilikuwa mkononi mwako. Nimekuamkia miaka sita kwa ajili ya jicho lile. Ulisema haina madhara. Ulisema kwa kinywa chako. Nilimfungua mume wangu jicho kwa vidole vyangu hivi. Siku zote zile niliitwa mchawi mbele ya mtoto wangu, nawe wapita na toroli."

Alisema kwa sauti, foleni nzima ikisikia, na hakuna aliyemkatiza. Nami niliinama. Miaka yote ile niliinamiwa mimi. Siku ile niliinama mpaka nikauona uso wake wote kwenye tundu la dirisha, nikamsikiliza hadi mwisho.

"Ni kweli," nikamwambia. "Yote ni kweli."

Akafuta uso kwa ncha ya leso. Amina akaleta chupa, akamwambia Karisa arudie maneno. Lakini aliyejibu alikuwa Kadzo. Aliirudia mistari yote mitano ya lebo, hadi ule wa mwisho wa kitovu, polepole, akiniangalia mimi.